Bapa Ndani ya Moto: Turbini Inavyopozwa, na Kwa Nini Mtandao Wake Unalindwa

Niliwahi kuwekewa mkononi bapa moja la turbini ya gesi lililokwisha muda wake wa kazi. Lilikuwa na urefu wa kidole cha kati, limepinda kama ukucha, zito kuliko nilivyotarajia, na upande mmoja ulikuwa umepauka kama chungu kilichokaa sana motoni. Nilipoligeuzia kwenye mwanga wa dirisha nikaona mistari ya vitundu vidogo mno, vimefuatana kama mishono ya cherehani. Sindano ya kushonea ingepita kwa taabu. Fundi aliyenipa akaniambia nipulize kwenye shina. Nikapuliza, na pumzi yangu ikatokea kwenye vile vitundu, ikanigusa kidole gumba.

Bapa lile lilikuwa na mapango ndani, na pumzi yangu ilifuata njia ileile ambayo hewa ya kupoza huifuata linapokuwa kazini, likiwa limezungukwa na moto wenye joto kuliko lile linaloyeyusha chuma chake.

Makala hii inaeleza mambo mawili ambayo kwa kawaida huandikwa na watu wasiokaa meza moja: upozaji wa turbini na usalama wa mitandao ya kompyuta. Nimeyaweka pamoja kwa sababu katika mtambo wa kisasa hayatenganishiki. Hewa inayolilinda bapa hutolewa kwa kipimo, bila ziada ya kutosha kusamehe makosa. Kipimo hicho kinasimamiwa na kompyuta, nayo kompyuta inaamini kile inacholetewa na mtandao. Mtu akiweza kuidanganya, ataunguza mabapa bila kuziba hata kitundu kimoja.

Mashine inayojilisha yenyewe

Turbini ya gesi ina kanuni nyepesi. Mbele kuna kompresa inayovuta hewa na kuibana. Hewa iliyobanwa huingia kwenye chumba cha mwako, gesi ikachomwa humo, na moto unaotoka kwa kasi ukasukuma mabapa yaliyopangwa kulizunguka gurudumu. Gurudumu linazungusha mhimili, mhimili unaizungusha kompresa ile ya mbele, na nguvu inayosalia ndiyo inayozungusha jenereta au kuisukuma ndege. Kompresa peke yake hula karibu nusu ya nguvu yote ya turbini, na mara nyingi zaidi ya hapo.

Wakazi wa Dar es Salaam wanaishi jirani na mashine hizi. Kituo cha Kinyerezi I, kilichoanza na megawati 150 kwa gesi asilia ya kusini mwa Tanzania, kilijengwa kwa mitambo ya aina ya LM6000. Huo ni mtambo uliotokana na injini ya ndege: asili yake ni CF6-80C2, ukoo wa injini zinazobeba Boeing 767, ikiwemo ndege ya mizigo ambayo Air Tanzania iliipokea Juni 2023. Kwa hiyo umeme unaowasha taa Ubungo na mzigo wa samaki unaoruka kwenda ng'ambo unaweza kuwa umetegemea mabapa ya familia moja.

Kwa nini moto uwe mkali kiasi hicho? Kwa sababu ukitaka kazi nyingi zaidi kutoka kilo ileile ya gesi, njia kuu ni kuuchoma moto kwa joto la juu zaidi, ukiongeza na mbano wa hewa. Mitambo ya kundi la J ya Mitsubishi huingiza kwenye turbini moto wa nyuzi joto 1,600 za Selsiasi. Mwaka 2016 kituo cha Bouchain, Ufaransa, kwa kutumia turbini ya gesi pamoja na turbini ya mvuke inayokula joto la moshi wake, kilifikia ufanisi wa asilimia 62.22. Maana yake ni kwamba karibu theluthi mbili za nishati iliyomo kwenye gesi iligeuka umeme. Kinyerezi II nayo inafuata mpangilio huohuo wa kutumia moshi kuchemshia maji ya turbini ya mvuke.

Sasa weka namba mbili pamoja. Nikeli tupu huyeyuka kwa nyuzi 1,455. Aloi za nikeli, yaani nikeli iliyochanganywa na metali nyingine, zinazotengenezewa mabapa huanza kuyeyuka chini ya hapo, wastani wa nyuzi 1,300 hivi. Moto ni 1,600. Na bapa halikai tu motoni. Linazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika, na mvuto wa kutaka kuchomoka kwenye gurudumu huweza kufika zaidi ya tani kumi kwa kipande cha chuma ambacho ungekitia mfukoni.

Umaskini wa nikeli

Watu wawili waliunda injini za jeti bila mmoja kumjua mwenzake: Frank Whittle wa Uingereza, aliyeomba hataza mwaka 1930 na kuiwasha injini yake kwa mara ya kwanza Aprili 1937, na Hans von Ohain wa Ujerumani, ambaye injini yake ndiyo iliyotangulia kurusha ndege, Agosti 1939. Waingereza walikuwa na nikeli, wakaunda aloi za Nimonic zilizovumilia joto. Wajerumani hawakuwa nayo ya kutosha. Vita ilikuwa imewafungia njia za nikeli na kobalti.

Hapo ndipo ulipotokea ugunduzi ninaoupenda kuliko mwingine katika historia hii. Wahandisi wa Junkers, kwa injini ya Jumo 004 iliyobeba ndege ya kivita ya Me 262, waliacha kutafuta chuma kisichoungua. Walichukua bati la aloi ya kromiamu na manganizi, wakalikunja, wakalichomelea, wakapata bapa lenye uwazi ndani, kisha wakapitisha humo hewa iliyoibwa kutoka kwenye kompresa. Injini hiyo haikudumu: saa 10 hadi 25 za kuruka, kisha inafumuliwa. Lakini wazo lilikuwa limezaliwa, nalo lilizaliwa na uhaba. Kama chuma chako hakivumilii moto, kipe hewa yake.

Hewa moto inayopoza

Jambo la kwanza linalowachanganya watu ni kwamba hewa hii ya kupoza si baridi. Imeshabanwa na kompresa, na hewa ikibanwa hupata moto, kama unavyohisi pampu ya baiskeli ikichemka mkononi. Katika injini za leo hewa inayoingia ndani ya bapa huwa na nyuzi 500, 600, hata zaidi. Ungeiweka hewa hiyo kwenye tanuri la mkate, mkate ungegeuka mkaa. Lakini mbele ya moto wa 1,600 hewa ya 600 ni ubaridi mkubwa, tofauti ya nyuzi 1,000.

Jambo la pili ni gharama. Katika injini kubwa kama asilimia 20 ya hewa yote iliyobanwa kwa jasho huenda kupoza, badala ya kwenda kuchomwa. Kila kilo inayochepushwa imeshalipiwa nguvu ya kuibana, na haitafanya kazi yake kamili. Ndiyo maana mhandisi wa upozaji hasifiwi kwa kulipoza bapa sana. Anasifiwa kwa kulipoza kwa hewa kidogo kadiri inavyowezekana, mpaka pale ambapo chuma kinanusurika na si zaidi. Naomba msomaji alishike hili, maana sehemu ya pili ya makala inasimama juu yake.

Hewa huingia kwa shina la bapa. Ndani kuna vichochoro vinavyopanda na kushuka kama njia za mji wa kale wa Lamu, na kuta zake zina matuta madogo yaliyolala mshazari. Hewa ikiteleza juu ya ukuta laini, ile ya karibu na ukuta hupata joto na kubaki palepale, ikawa kama blanketi. Matuta yanaivuruga, yanaichanganya, na hewa mpya inaugusa ukuta kila mara. Kwenye ncha ya mbele, inayopigwa na moto uso kwa uso, hewa hurushwa kwa nguvu dhidi ya ukuta kutoka ndani, kama anayepepea mtoto mwenye homa sehemu moja tu. Kwenye ukingo wa nyuma, mwembamba kama makali ya kisu, kuna vinguzo vidogo vinavyoushika ukuta huu na ule huku vikiongeza eneo la kutoa joto.

Kisha hewa ileile, ikiwa imeshafanya kazi ndani, hutokea kwenye vile vitundu na kutandaza utando mwembamba juu ya uso wa bapa. Moto haugusi chuma moja kwa moja. Unagusa hewa.

Hapa kulikuwa na tatizo lililochukua miaka kueleweka. Tundu la mviringo, kama la bomba, hutoa mchirizi wenye kasi unaoruka mbali na ukuta. Moto hujipenyeza chini yake, na utando wote ukawa hauna maana. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani: ukibana mdomo wake maji yanarukia mbali, ukiuachia mpana maji yanatambaa ardhini. Mwaka 1974 Goldstein, Eckert na Burggraf walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba tundu likipanuliwa mdomo, hewa hupunguza kasi inapotoka, hulala juu ya uso na kutanda kwa upana. Tangu hapo vitundu vyenye mdomo uliopanuliwa vimekuwa kawaida katika sekta yote, na hataza nyingi za upozaji zinazotolewa hadi leo zinagombania umbo la mdomo wa kitundu kisichofika milimita moja.

Vitundu vyenyewe hutobolewa kwa leza au kwa cheche za umeme. Vichochoro vya ndani vina asili ya zamani zaidi. Hutengenezwa kwa njia ya nta, ileile ambayo mafundi wa Ife na Benin, Nigeria, waliitumia karne nyingi zilizopita kusubu vichwa vya shaba. Umbo la vichochoro hufinyangwa kwanza kwa kauri. Nta humiminwa kuizunguka, ikachukua umbo la bapa. Nta hupakwa tabaka juu ya tabaka za kauri mpaka liwe ganda. Ganda likipashwa moto nta inayeyuka na kutoka, aloi iliyoyeyuka inamiminwa mahali pake, na mwisho kauri ya ndani huyeyushwa kwa kemikali kali. Inabaki nafasi tupu pale kauri ilipokuwa.

Aloi nayo haiachwi igande ovyo. Chuma cha kawaida ni mkusanyiko wa chembe nyingi zilizobanana, na kwa joto kali mipaka kati ya chembe ndiyo inayoachia kwanza. Kampuni ya Pratt & Whitney ilianza kwa kuzifanya chembe zote zisimame kwa urefu, sambamba na mvuto. Baadaye ikatafuta kuifuta mipaka kabisa. Chini ya kalibu huwekwa njia nyembamba iliyojisokota. Chembe nyingi huanza kukua pamoja kutoka chini, zinagombania kupita kwenye msokoto huo, na moja tu ndiyo inayofika juu. Kalibu huteremshwa taratibu kutoka kwenye tanuri, na chembe hiyo moja hukua mpaka ikawa bapa zima: fuwele moja isiyo na mpaka ndani yake. Injini ya JT9D-7R4 iliingia kazini na mabapa ya namna hiyo mwaka 1982.

Juu ya yote hupakwa koti la kauri la zirkonia iliyochanganywa na yitria kidogo, asilimia 6 hadi 8 kwa uzito. Kiwango hicho kilipatikana kwa majaribio ya Stephan Stecura katika maabara ya NASA huko Cleveland, Ohio. Koti ni jembamba, sehemu ya milimita tu, lakini huweza kupunguza joto la chuma kwa nyuzi 100 na zaidi.

Nyuzi thelathini

Pamoja na ufundi wote huo, nafasi ya kukosea ni finyu. Chuma kinachobeba mzigo kikiwa na joto kali hurefuka polepole, saa baada ya saa, na hakirudi. Wahandisi wa fani hii hukadiria kwamba chuma cha bapa kikizidi joto lililokusudiwa kwa nyuzi 30 tu, umri wake unaweza kupungua kwa nusu. Nyuzi 30 tu, mbele ya moto wa 1,600! Mpishi wa chapati hawezi kuitambua tofauti hiyo kwenye kikaango chake.

Kuna njia nyingi za kuzipoteza nyuzi hizo. Vumbi ni mojawapo. Usiku wa Juni 24, 1982, Boeing 747 ya British Airways ilipita kwenye majivu ya volkano ya Galunggung karibu na kisiwa cha Java, na injini zote nne zikazima. Majivu yalikuwa yameyeyuka ndani ya moto na kuganda kama kioo kwenye sehemu za injini. Marubani waliteremka gizani, na walipotoka kwenye majivu injini zikakubali kuwaka tena. Mchanga laini wa Ghuba hufanya jambo kama hilo kwa polepole: huyeyuka juu ya koti la kauri, huziba vitundu, na injini zinazoruka kila siku kutoka Dubai na Doha hudai matengenezo mapema kuliko zile zinazoruka kwenye hewa safi.

Vumbi lakini linaonekana. Adui mwingine haonekani, na kumwelewa lazima tuulize swali dogo: joto la moto unaoyapiga mabapa ya kwanza linapimwaje?

Katika mitambo mingi mikubwa ya ardhini, halipimwi. Hakuna kipimajoto kinachoweza kukaa mahali pale kwa miaka. Badala yake huwekwa duara la vipimajoto nyuma kabisa, moshi unapotokea, ambapo joto limeshashuka. Kompyuta inachukua joto hilo la moshi, inachukua na mgandamizo wa hewa inayotoka kwenye kompresa, inapiga hesabu, na kwa hesabu hiyo inajua moto wa mbele ukoje. Kisha inaamua vali ya gesi ifunguke kiasi gani. Ni sawa na mwokaji anayeijua hali ya mikate iliyomo tanurini kwa harufu inayomfikia nje.

Kwa hiyo uhai wa mabapa unategemea namba chache zinazosafiri kutoka kwenye vihisi hadi kwenye kompyuta, na amri chache zinazorudi. Namba zikisema moshi una joto dogo kuliko ulivyo, kompyuta itaongeza gesi kwa nia njema kabisa. Mlio wa hatari hautasikika. Umeme utatoka vizuri. Mabapa yatazeeka kwa haraka, na siku moja litakatika moja, nalo bapa likikatika kwa kasi ile hubomoa yaliyo nyuma yake yote. Uchunguzi unaweza kuishia kulaumu usubuaji.

Mtandao uliozaliwa bila kufuli

Zamani vihisi viliunganishwa kwa waya moja kwa moja na paneli yenye mishale na taa. Aliyetaka kudanganya ilimpasa aingie kiwandani. Leo namba hizo hupita kwenye mtandao wa kituo, na nyingine husafiri mbali. GE Vernova, kampuni iliyotokana na General Electric, ina kituo Atlanta, Marekani, kinachoangalia mitambo ya wateja wake duniani. Sababu ni njema: wataalamu wanaoona maelfu ya mashine kwa pamoja hugundua mtetemo wa ajabu au joto lisilo sawa kabla mwendesha mitambo wa zamu hajalihisi. Sitetei kukata nyaya hizo. Lakini kila waya unaotoka nje ni njia inayoweza pia kuingiza.

Na lugha inayozungumzwa ndani ya viwanda ni ya enzi za kuaminiana. Modbus, itifaki ambayo bado inatumika mahali pengi, ilitolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979. Ndani yake hakuna nenosiri wala njia ya kumtambua anayetuma. Kifaa kikipokea amri ya kubadilisha namba fulani, kinabadilisha. Haikuwa uzembe. Mwaka 1979 aliyeweza kutuma amri hiyo alikuwa amesimama ndani ya kiwanda, na walinzi wa getini walikuwa wamemwona.

Mtu wa kompyuta za ofisini atauliza: kwa nini wasiweke tu programu mpya na usimbaji fiche kila mahali? Kwa sababu kompyuta ya turbini haizimwi Jumapili usiku ili isakinishwe masasisho. Inasubiri mtambo usimamishwe kwa matengenezo, pengine baada ya miezi mingi. Baadhi ya vidhibiti vina umri wa miaka 20 na havina nguvu ya kubeba hesabu za ziada, huku uamuzi wa vali ukitakiwa ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Ofisini, ukishuku jambo, unazima. Kwenye kituo cha umeme kuzima nako ni madhara.

Kwamba hatari hii ni ya kweli ilijulikana Juni 2010, ilipogunduliwa programu hasidi iliyopewa jina la Stuxnet. Shabaha yake ilikuwa mashinepewa, yaani mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa, za kurutubisha urani huko Natanz, Iran, zilizoendeshwa na vidhibiti vya Siemens. Sehemu moja ya programu hiyo ilibadilisha kasi ya mizunguko ili mashine zijiumize. Sehemu nyingine ilirekodi sekunde 21 za vipimo vya kawaida, kisha ikawa inavirudia kwa mfumo wa usimamizi huku vali zikichezewa. Waliokuwa kwenye skrini waliona hali shwari. Mashine zilikuwa zinaharibika nyuma ya picha ya jana.

Tukio la pili linanisumbua zaidi. Kila kiwanda chenye hatari kina mfumo wa pili, tofauti na ule wa uendeshaji, ambao kazi yake ni moja: mambo yakizidi mpaka, uzime kila kitu. Huwa na kompyuta tatu zinazopiga hesabu ileile na kupigiana kura. Mbili zikikubaliana, ya tatu inapuuzwa. Ndio mlinzi wa mwisho wa maisha ya watu, si ya mali tu. Mwaka 2017, katika kiwanda cha kemikali za petroli huko Saudi Arabia, wadukuzi walifika mpaka kwenye mfumo huo, wa aina ya Triconex, wakaanza kuandika upya programu yake. Shambulio hilo linaitwa Triton. Halikufanikiwa kwa sababu moja: ukaguzi wa ndani wa kompyuta zile uligundua kwamba mambo hayalingani, nazo zikakizima kiwanda kama zilivyoundwa kufanya.

Kwenye uso wa kidhibiti kile kuna swichi ya ufunguo, ufunguo wa chuma wa kuzungusha kwa mkono. Ukiwa kwenye hali ya kazi, programu haibadilishwi kutoka mbali. Ulikuwa umeachwa kwenye hali ya kuandika programu.

Tabaka za ulinzi

Kinga za mitandao hii zimejengwa kwa tabaka. Ya kwanza ni kugawanya: mtandao wa uhasibu na barua pepe ukae mbali na mtandao wa vidhibiti, na kati yao kuwe na ngome, yaani programu inayochuja kinachopita. Ngome za kwanza zilitazama kila pakiti ya data peke yake, inatoka wapi na inakwenda wapi, kama mlinzi anayesoma anwani juu ya bahasha. Gil Shwed wa Israel alipewa hataza mwaka 1997 kwa wazo, ambalo kampuni yake ya Check Point ilikuwa imeshaanza kuliuza, la ngome inayokumbuka mazungumzo: pakiti hii ni jibu la ombi lililotoka ndani, au imejileta yenyewe? Mlinzi akawa na kumbukumbu.

Ngome hata hivyo ni programu, na programu ina makosa. Kwa hiyo uvumbuzi ninaouamini zaidi kwa kituo cha umeme ni ule usiotegemea programu: kifaa cha njia moja. Upande wa kituo kuna taa inayotuma mwanga ndani ya faiba. Upande wa nje kuna jicho la kupokea. Upande wa kituo hauna jicho, na upande wa nje hauna taa. Vipimo vya turbini vitafika Atlanta au kokote, lakini hakuna amri inayoweza kurudi, hata mdukuzi awe na akili kiasi gani, kwa sababu mwanga hauna pa kuanzia safari ya kurudi. Kasoro yake ni kwamba fundi wa mbali hawezi kurekebisha kitu, atalazimika kuja. Kwa maoni yangu hiyo ni bei nzuri kwa mtambo ambao mji mzima unautegemea.

Tabaka la mwisho linaturudisha kwenye bapa. Mdukuzi anaweza kughushi namba, lakini ni vigumu kughushi fizikia yote kwa pamoja. Joto la moshi likidaiwa kushuka, basi nguvu ya jenereta, matumizi ya gesi, mgandamizo wa kompresa na kasi ya mhimili navyo vinapaswa kusogea kwa namna inayojulikana. Watafiti wa General Electric wametumia ujuzi wao wa turbini kuunda mfumo walioupa jina Digital Ghost: mfano wa mtambo ndani ya kompyuta, unaofanya kazi sambamba na mtambo halisi na kuuliza kila mara kama namba zote zinaweza kuwa za kweli kwa wakati mmoja. Kihisi kikisema uongo, wenzake wanamsuta. Mlinzi wa mtandao hapa anahitaji kujua jinsi hewa inavyopita kwenye kompresa, na mhandisi wa turbini anahitaji kujua jinsi pakiti inavyoghushiwa. Wale watu wasiokaa meza moja inabidi wavute viti.

Na hata baada ya ngome, faiba ya njia moja na pacha wa ndani ya kompyuta, mafundi hawajaacha kazi ya zamani. Mtambo ukisimamishwa na kupoa, hufungua tundu dogo kwenye ganda la turbini na kuingiza kamera nyembamba mwishoni mwa mrija unaopindika. Mmoja anazungusha mhimili polepole kwa mkono, mwingine anatazama skrini. Bapa la kwanza linapita, la pili, la tatu, mpaka gurudumu limalize mzunguko. Wanatafuta koti lililobanduka, ufa kwenye ukingo wa nyuma, rangi ya bluu inayoonyesha chuma kilipata joto kisilostahili, na kitundu kilichozibwa. Kamera ile haijaunganishwa na mtandao wowote.